Bandama ya Mzee Kondo ilivyotaka kunitoa chuoni

Wakuu, poleni na mihangaiko. Mimi ni msomaji wa kimya humu, leo nami nina la kusema. Ni kweli tupu, majina tu ndiyo nimebadilisha ili nisije kufuatwa kazini.

Ni nesi, kazini nina miaka kumi na sita, mzaliwa wa Moshi, naishi Sofu, Kibaha. Nikarudi shule kusoma masters ya uuguzi, ile ambayo ukimaliza unampima mgonjwa mwenyewe, unataja ugonjwa na kuandika dawa, bila kumsubiri daktari aliyeenda kunywa chai.

Darasani sikuwa na shida. Shida ni mtihani wa vitendo. Unaachwa na mgonjwa nusu saa, kisha mtahini anaingia unamweleza ulichokuta. Mara ya kwanza nilifeli kwa woga, nikala sup, yaani mtihani wa marudio.

Na ukifeli sup unadisco, chuo kinakufukuza. Unarudi kazini ulivyoondoka, na wale uliowaaga kwa mbwembwe wanakupokea kwa kicheko.

Sup ikapangwa kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Kibuta, Kisarawe. Tuliposikia Kibuta tulishangilia wote watano tuliokuwa na sup.

Sababu ni Mzee Kondo. Huyu ni mkulima wa huko mwenye bandama kubwa ya miaka mingi, na kila mwaka anaitwa awe mgonjwa wa mtihani. Anapewa supu, anavua shati, anashikwa. Ana moyo wa kusaidia, akiona umesahau kitu anakohoa.

Madesa yake, yale majibu ya kukariri, yanarithishwa darasa hadi darasa: umri, homa za utotoni, presha 120 kwa 80, bandama imevuka kitovu. Dada mmoja alilichora tumbo lake kwa kalamu za rangi.

Wiki nzima nilikariri tumbo la mwanaume asiye mume wangu. Mume wangu alinikuta jikoni nikisema "imevuka kitovu" akaniuliza nini kimevuka.

Siku ikafika, mimi nikawa wa mwisho. Waliomaliza walifungiwa chumba kingine wasije kutupa majibu. Majibu tulikuwa nayo tangu mwaka jana, lakini utaratibu ni utaratibu.

Naingia, namwamkia shikamoo mzee.

"Marahaba mwanangu. Naitwa Kondo, mkulima, homa zilinianza nikiwa mdogo."

Hata sijamuuliza.

Woga wa mara ya kwanza ukanirudia, nikaona aibu kumshika. Ili nipate muda wa kutulia nikachukua mashine ya presha, nikamfunga. 210 kwa 120. Nikahamia mkono wa pili. Ile ile.

Nikaenda tumboni. Nikabonyeza chini ya mbavu za kushoto, nikashuka hadi kitovuni. Hakuna kitu. Nikamlaza ubavu. Hakuna. Mzee akakohoa kunikumbusha, nikabonyeza tena. Wakuu, nilitaka kulia.

Nikawaza niseme ipo nifaulu, nani atajua. Nilitamani sana. Ila presha ile ilinitisha, nikaona mtu huyu anaweza kuanguka hapa hapa huku nikisimulia bandama.

Mtahini akaingia na karatasi yake ya majibu. Alikuwa daktari mgeni, hajawahi kumwona Mzee Kondo. Nikamwambia bandama sijaipata, ila presha iko juu sana, mzee apewe dawa kwanza.

Akaniangalia kwa huruma. "Wenzako wote wanne wameipata." Akabonyeza mwenyewe. "Hii hapa, naigusa. Si ndiyo, mzee?"

Mzee akainuka akakaa.

"Hapana dokta. Mwenye bandama ni kaka yangu Kondo, yuko Marui msibani. Mimi ni Pazi. Kaniambia nisiwaangushe wanafunzi, nikaja."

"Sasa mbona hukusema muda wote huo?"

"Nilitaka kusema. Lakini wa kwanza alivyoipata, nikajua kumbe na mimi ninayo."

Mtahini akachukua mashine, akapima. Ikasoma palepale niliposoma mimi. Akafunua karatasi za wenzangu: 120 kwa 80, wote wanne. Mzee Pazi akasema ile mashine kaiona kwangu tu. Na kumbe kichwa kilikuwa kinamuuma tangu juzi, ila hakutaja kwa sababu hakikuwemo kwenye maneno aliyoachiwa na kaka yake.

Akaanzishiwa dawa, akalazwa. Mtihani ukafutwa, turudie wote watano. Hata mimi, maana karatasi ya majibu haikuwa na sehemu ya kumpa maksi aliyepatia. Wenzangu wakanitoa kwenye group la darasa kwa kosa la kuwaharibia.

Nilirudia kwa mama mmoja nisiyemjua, mwenye ugonjwa nisioukariri. Nikapita kwa kuburuza tumbo.

Mzee Pazi alikuja kunishukuru na kuku, akisema Mungu alinituma. Nilimpokea yule kuku kwa aibu.

Wakuu, funzo langu si la kujisifu. Siku ile sikupima presha kwa uadilifu, nilipima kwa sababu naogopa. Ningekuwa najiamini kama wenzangu ningeandika 120 kwa 80, tena kwa mwandiko mzuri, mzee angerudi nyumbani na kichwa chake kinauma, na mimi ningefaulu kwa maksi za juu kuliko hizi nilizonazo.

Mliopita kada za afya, mgonjwa wenu wa madesa alikuwa nani? Semeni tu, humu hakuna wa kuwadiscosha.