Shangazi Alivyokufa Uani

Juzi nilipelekwa kutazama picha zinazotembea. Nilipomwona mwanamke akifa ukutani bila sauti, nikamkumbuka shangazi yangu Mwanaisha.

Alasiri moja ya utoto wangu tulikuwa harusini mtaa wa Ndia Kuu, ua umejaa wanawake peke yao, unanukia udi na asumini. Shangazi aliigiza mke aliyeachwa na mume msafiri. Nyanya, mamake, hakuupenda mchezo ule. Alikaa nyuma, uso kaukunja. Shangazi alipoanguka mkekani na kukata roho, ngoma za matwari zilinyamaza. Mimi sikujua kuwa ni mchezo. Nilikimbia nikamlalia kifuani nikipiga ukelele.

"Usilie, mwanangu," alininong'oneza bila kufumbua macho. "Nimekufa kidogo tu. Niache nimalize."

Nilinyamaza, lakini sikuondoka. Leo najua kwamba wanawake walinidhania mtoto wa yule mke wa mchezoni, ndiyo maana walizidi kulia. Nilipoinua kichwa, nilimwona nyanya akijifuta machozi kwa ncha ya leso.

Shangazi alipoinuka, vigelegele vilitanda ua mzima. Nyanya alisimama kabla ya wote, akawaambia wenziwe kwa sauti:

"Huyo ni mwanangu mimi! Nimemzaa mimi!"