Kofia ya Gadi

Mjomba wangu hakuvaa sare hata siku moja maishani mwake. Ujanani aliomba kazi ya zimamoto wakamkataa kwa sababu ya nyayo bapa, akaishia kuuza vipuri vya baiskeli mpaka uzeeni. Lakini kofia za sare alikuwa nazo kabati zima: za matarishi wa posta, za mabaharia, za mabawabu wa hoteli zilizokwisha kufungwa. Alizinunua kwenye mitumba zikiwa zimebondeka na kuliwa na nondo, akazirudishia ujana. Mkewe alizoea kusema, "Nyumba imejaa maaskari, na kuku wangu bado wanaibwa."

Mjomba alicheka akaendelea na kazi yake. Nampa haki yake, mkono alikuwa nao. Aliishika kofia juu ya mvuke wa birika mpaka kitambaa kikalegea, akaivisha sufuria yenye ukubwa wa kichwa na kuiacha ikauke hapo, irudi umbo lake. Matundu aliyaziba kwa nyuzi alizochomoa kwenye pindo la kofia ileile, ili rangi isipishane. Mwisho alibandua ule ukanda wa ngozi wa ndani, unaogusa paji la uso, akashona mpya. Wa zamani aliuchoma moto uani, kwa kuwa, alisema, uchafu wote wa kofia hulala humo.

Kofia aliyoitamani kuliko zote ilikuwa ya baba yangu. Baba alikuwa gadi wa treni. Alipofariki, mama aliifunga kofia yake ndani ya mfuko wa plastiki akaiweka kabatini, chini ya shuka. Siku alipozidiwa na upweke aliufungua mfuko, akaingiza uso ndani ya kofia na kuvuta pumzi. Mlikuwa na harufu ya baba humo, jasho lake na mafuta yake ya nywele. Sisi watoto tulimwona tukajifanya hatuoni. Mjomba hakujua. Kila alipokuja kututembelea aliomba, "Mdogo wangu, nipe ile kofia kabla haijaoza," na mama akamjibu, "Utaipata nikishakufa."

Mfuko ukachakaa kwa kufunguliwafunguliwa, na nondo wakapata njia. Mama alipoyaona matundu alishikwa na hofu. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Akamwita kaka yake.

"Ziba haya matundu tu, kaka," alimwambia. "Ndani usiguse."

"Usiwe na wasiwasi."

Mjomba aliutazama ule ukanda uliokolea jasho akadhani dada yake anaona aibu ya uchafu. Ndivyo alivyo mjomba, akili yake yote imo vidoleni. Ngozi ilikuwa imepasuka, uzi umeoza, naye hajawahi kuitoa kofia mkononi mwake ikiwa nusunusu. Basi akaamua kumfanyia dada yake wema wa kumshangaza. Akaubandua.

Alikuja Jumapili mchana, kofia imo kwenye boksi. Ilikuwa nzuri, sikatai. Nembo ya shaba iling'aa, na matundu hukuyaona hata ukiyatafuta. Mama alitabasamu, akaigeuza, akaingiza uso ndani. Akavuta pumzi. Akavuta tena, macho kayafumba, kama mtu anayebisha hodi asiitikiwe. Siku ile nilimchukia mjomba, nasema kweli.

"Ule ukanda wa zamani uko wapi?" mama aliuliza.

"Nimeuchoma. Ulikuwa umeoza kabisa, mdogo wangu. Huo hapo ni ngozi ya mbuzi, utadumu miaka na..." Akauona uso wa dada yake. "Kuna nini?"

"Ulikuwa na harufu yake."

Mjomba alikaa kitini taratibu. Alianza kusema kwamba labda angejaribu, akaacha, kwa sababu hakuna cha kujaribu, maji yakimwagika hayazoleki. Machozi yakamtoka, na sikuwahi kumwona akilia. Mama hakumgombeza. Ningefurahi kama angemgombeza. Alirudisha kofia ndani ya boksi, akalifunika vizuri na kumsogezea.

"Ichukue, kaka. Uliitaka siku nyingi."

"Lakini hii ni ya shemeji."

"Hiyo ni kofia tu," mama alijibu, akaingia jikoni kumtengea chakula.