Chepe Lililobaki Manzese

Siku tuliyomzika mjomba wangu, polisi walimtoa mtu hai kaburini. Askari wawili walimshika makwapani wakamnyanyua kama gunia la mkaa, kanzu yake imejaa mchanga, kofia imebaki chini shimoni. Ni mzee aliyevuka sabini. Hakupigana nao. Aling'ang'ania chepe tu, na chepe akaondoka nalo.

Kamera zilikuwepo, lakini kwenye taarifa ya habari sikuona hata sekunde ya jambo hilo. Yalionyeshwa magari, na wakubwa wakitupia udongo. Basi naandika mwenyewe niliyekuwepo, kwa sababu nilichokiona kiliniudhi na hadi leo kinaniudhi.

Mjomba alikuwa mbunge, na kwa kipindi fulani naibu waziri. Kabla ya hayo yote alikuwa askari wa vita vya Kagera. Mama yangu, ambaye ni dada yake, alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa kwake Temeke. Namjua tangu enzi za kuogea ndoo uani mpaka enzi za geti la umeme kule juu, upande wa Wazo.

Sisi ni Wazaramo. Mzee aliyetolewa kaburini ni Mnyamwezi, fundi wa majiko ya mkaa huko Manzese. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara ya wapagazi. Mtani anakutukana mbele za watu na huruhusiwi kununa. Msibani ndipo hasa kazi yake ilipo: anazuia jeneza, anamwiga marehemu, anasema yale ambayo ndugu hawathubutu kuyasema, kisha anachukua kitu. Kitu hicho sharti mwenye msiba akikomboe, kwa kuku na maneno mazuri. Kisipokombolewa, wazee wetu wanahesabu kwamba msiba haujaisha.

Utani wa mjomba na mzee huyu ulikuwa na kitu zaidi ya kabila. Walikuwa kikosi kimoja vitani. Walichimba mahandaki pamoja, na utaratibu wao ulikuwa kwamba mmoja akichimba, mwenzie analala ndani kupima kama panatosha. Asubuhi moja mizinga ilipoanza, mjomba alikataa kutoka handakini. Alilia. Alimwita mama yake. Mtani akainama ukingoni akamwambia, "Mzaramo, ukifia humo umenirahisishia, shimo tayari." Mjomba akacheka huku machozi yanamtoka, akapanda juu, wakaenda. Hadithi hiyo sikuipata kwa mtani. Mjomba mwenyewe ndiye aliyetuhadithia, zaidi ya mara moja, mkekani, Temeke, na kila mara alimalizia kwa ahadi waliyowekeana: atakayetangulia, mwenzie ataingia kaburini kwanza, ampimie.

Nakumbuka mkutano wake wa kwanza wa kampeni. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza, "Ndugu zangu, mimi nilipokuwa vitani..." Sauti ikatoka katikati ya watu:

"Vitani wapi? Si ulikuwa unalia shimoni wewe!"

Vijana wa ulinzi wakaanza kusukuma watu wamfikie. Mjomba akapaza sauti kwenye kipaza sauti: "Mwacheni huyo! Huyo mpagazi wangu, mla michembe ya viazi. Na anasema kweli, nililia. Nyie mizinga ingewalilia juu mngecheza mdundiko?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. "Nililia, kisha nikatoka," akaendelea. "Na aliyenitoa ndiye huyo, na mpaka leo ananisimanga."

Naamini mkutano ule ndio uliompa ubunge. Watu walimwona mtu anayeweza kuaibishwa hadharani na bado akabaki amesimama. Wanasiasa wa namna hiyo hatuna wengi.

Lakini cheo kina watu wake. Muhula wa pili mtani alianza kuwekwa nyuma ya kamba. Mjomba alipohamia Wazo, mtani alikwenda kumsalimu. Mlinzi akamuuliza getini, "Mzee, una miadi?" Akajibu, "Mwambie jeneza lake limefika." Akafukuzwa kama mwizi. Mjomba alipopata habari alifoka sana, lakini mlinzi alibaki palepale na maagizo yakabaki yaleyale. Hilo nalo nalisema, kwa sababu sipendi kuandika kama walivyoandika waliomsifu siku ya mazishi. Siku za Ijumaa mjomba alijiendea Manzese peke yake, akakaa kwenye kigoda kati ya mabati, akatukanwa hadi akaridhika, akarudi.

Alipougua na kujua haponi, alituita, mimi na mwanawe mkubwa. Sauti ilikuwa imemkauka. "Mtani msimzuie," alisema. "Mkimzuia mtakuwa mmenizika nusu." Binamu yangu akaitikia, "Sawa, baba." Nilimsikia kwa masikio yangu.

Siku ya mazishi msiba haukuwa wetu tena. Ratiba ilitoka kwa watu wa itifaki, wazee wa ukoo wakapangiwa viti nyuma ya watu wasiowajua. Ukasomwa wasifu wa marehemu, na ndani yake mlikuwa na sentensi kwamba katika maisha yake yote, vitani na bungeni, hakuwahi kuogopa. Niliposikia hivyo nilitazama chini. Mtu asiyewahi kuogopa mimi simjui. Niliyelelewa naye aliogopa, akalia, kisha akatoka shimoni. Kwangu hilo ni kubwa kuliko yote waliyoyasoma.

Makaburini Chamazi, jeneza likiwa bado mabegani mwa watu, mtani akachomoka kwenye umati, akanyakua chepe lililochomekwa kwenye udongo, akateremka kaburini, akajinyoosha chali.

"Hee! Wamemchimbia kama bwawa!" tukamsikia kutoka chini. "Mfupi yule, atapotea humu! We Mzaramo, leo mbona hulii?"

Wazee wetu wakaangua kicheko, kile cha msibani chenye kilio ndani yake. Mmoja akasema, "Mkomboeni basi, maiti asicheleweshwe." Ingechukua muda mfupi tu. Kwa kawaida mwana wa marehemu angepiga hatua mbele na kusema, "Mtani tusamehe, kuku wako yupo nyumbani," mtani angetoka, na chepe lingerudi kufukia.

Badala yake afisa mmoja mwenye suti nyeusi akauliza, "Nani huyu kichaa? Mtoeni." Wote tukamgeukia binamu yangu. Alikuwa amevaa miwani ya jua. Neno lake moja lingetosha. Akatazama simu yake.

Ndipo askari wakashuka. Mtani, miguu ikiwa hewani, alikuwa bado anamwita: "Mwanangu, nikomboe tu! Sema tu neno!"

Nyumbani, mke wa mjomba alikuwa ameshaingia eda, haruhusiwi kutoka. Aliuliza swali moja: "Mtani kakombolewa?" Alipojibiwa, alimwita mwanawe. "Baba yenu hajazikwa. Nenda Manzese."

"Mama, hayo mambo ya kizamani."

"Ya kizamani ndiyo yaliyokulea."

Nje, binamu yangu akaniambia mimi lililo moyoni. Kura za maoni za chama zinakaribia, na jina lake linatajwa kwenye kiti cha baba yake. "Braza, unataka picha itembee kwenye magrupu, mie napeleka kuku kuthibitisha kwamba mzee alilia vitani? Watanimaliza." Nikaondoka na hasira. Baba alipata kiti kwa kukiri kilio chake. Mtoto anakitaka kiti hichohicho kwa kukificha.

Nikanunua kuku nikaenda Manzese mwenyewe. Mtani alikuwa anagonga bati. Alimpokea kuku, akamkagua miguu, akasema, "Huyu nitamla, ahsante. Lakini chepe hutoki nalo. Wewe mpwa, baba. Mwenye msiba ni mtoto." Nikamwambia mtoto hatakuja. Akarudi kwenye bati lake. "Mie sina haraka. Mwenye haraka ni yule aliye chini."

Arobaini tumeshaisoma, kwa maturubai na spika. Mtani hakualikwa. Eda ya mke wa mjomba inaisha mwezi ujao. Amefunga jogoo mweupe uani, anamlisha mwenyewe, na amesema siku ya kutoka, safari yake ya kwanza ni Manzese. Binamu yangu amemwambia dereva asimpeleke.

Chepe limeegemezwa mlangoni kwa mtani, pembeni ya majiko. Mchanga wa Chamazi haujafutwa.