Nyusi ya Kushoto ya Bibi Malsun

Katika soko lao la mji wa Daegu, Korea, Bibi Malsun alijulikana kwa keki zake za mchele. Yeye mwenyewe, hata hivyo, alijivunia zaidi kumchekesha mjukuu wake. Danbi alikuwa mtoto wa uso mzito kama hakimu. Hakumchekea mtu ila bibi yake, tena kwa jambo moja tu: bibi akipandisha nyusi mpaka paji la uso likajikunja kama pazia, mtoto aliangua kicheko.

Siku ya Wazazi, binti yake Yeonju, mama wa Danbi, alimbandika ua jekundu kifuani kama ilivyo desturi, kisha akamwambia zawadi yenyewe ni sindano za kuondoa makunyanzi.

“Wenzako wote wa sokoni wameshachomwa, Mama. Na picha za Danbi kutimiza mwaka zimekaribia.”

“Na nyusi zangu je? Mtoto atacheka nini?”

“Atakuchekea wewe, si makunyanzi!”

Malsun akachomwa. Daktari akamwonya asiuguse uso wala asikae kwenye joto siku hiyo. Lakini soko lilikuwa limefungwa, na siku ya mapumziko kwake ilikuwa siku ya bafu la mvuke. Alimkuta shoga yake Pilrye ameshajifunga taulo kichwani kwa mafundo mawili kama pembe za kondoo, anamenya yai.

“Daktari amenikataza joto,” Malsun akasema.

“Basi tusiingie chumba kikali. Tulale hiki cha wastani.”

Wakalala kwenye sakafu ya moto, Malsun amelalia shavu la kushoto mpaka akakoroma.

Wiki ilipopita, nyusi ya kulia ilitulia tuli. Ya kushoto ikawa inapanda peke yake.

“Mama! Ulikwenda kuoga mvuke?”

“Nilipita tu.”

“Picha ni kesho, na daktari hawezi kukusawazisha mpaka wiki ijayo!”

Malsun hakujali picha. Alijitazama kwenye mfuniko wa sufuria, akajaribu, akajaribu tena. Je, kama Danbi hatacheka?

Kesho yake Danbi alikalishwa mbele ya meza ya matunda na keki, kavalia hariri, kanuna. Mpiga picha akapuliza filimbi. Baba mtu akacheza ngoma. Wapi!

“Mama, toka huko nyuma!” Yeonju akaita.

“Na uso huu?”

“Na huo huo!”

Malsun akapiga magoti, akavuta pumzi, akapandisha. Kushoto kukapanda. Kulia kukagoma. Danbi akatazama huku, akatazama kule, kama anayesubiri nyusi ya pili ifike. Kisha akacheka mpaka akaangukia keki za bibi yake.

“Tena, Bibi! Hivyo hivyo!” mpiga picha akapiga kelele, na Malsun, naye akicheka, akapandisha tena na tena.

Wiki iliyofuata daktari alishika sindano. “Haya, Bibi, tusawazishe.”

Malsun akafunika nyusi ya kushoto kwa kiganja. “Huku usiguse, daktari. Huku kuna mteja.”