Makala ya Sake ilizimisha moto ya fromaji kwetu Kibabi

Bakubwa wa humu ndani, heshima yenu. Naleta ukweli mutupu. Masomo yangu iliishia chini kabisa, munivumilie. Nimechoka pia.

Siku dada yangu aliolewa, ngombe ya mahari iliingia mu kanisa. Watu wakapanda juu ya viti! Kijana mumoja akaisemesha ku sikio, ikatoka naye pole pole kama mama wa chorale, wale wa kwaya. Padiri mwenyewe alicheka mpaka akakaa.

Yule kijana njo Papa Bahati wa leo, baba ya Bahati. Tukakuwa marafiki, tukazeeka jirani. Kazi yake ilikuwa kugeuza maziwa kuwa fromaji, ile jibini.

Sasa fromaji inataka kuni. Maziwa inapata moto kidogo tu, kisha unavuta kuni inje, joto inasimama pale pale. Makala, ile makaa ya miti, unaivuta namna gani? Inaunguza maziwa chini. Papa Bahati hakuikubali hata siku moja.

Zamani kuni tulikuwa tunaokota nyuma ya nyumba. Leo kila muti inakuwa makala, inashuka ku soko ya Sake, inaenda muji ya Goma. Hata sisi wa mulimani tunapikia makala, tunanunua ile tulichoma wenyewe. Gaz ya kupikia naonaka mu telefone tu.

Papa Bahati alibakia na miti yake ya eucalyptus kando ya mutoni. Akaenda Hombo kuuguza dada yake, akakawia huko. Kurudi, anakuta mutoto wake Bahati amekata yote, amepanga, amefunika na udongo, anachoma makala. Moshi iko inatoka.

Hapo hakuna la kufanya. Ukifungua, hewa inaingia, yote inakuwa majivu.

"Bahati, maziwa nitapasha na nini?"

"Papa, batoto yangu watakula fromaji kila siku? Uza maziwa hivi hivi, kama wengine."

Tukakaa pale, mimi na mzee, moshi ikitupiga mu macho.

"Kule Walikale miti ingaliko," akaniambia.

"Na ngombe je, mu pori ile? Utakamua nyani?"

Hakucheka.

Mi naona hivi, bakubwa: tunakata mbio kuliko tunapanda, na wajukuu watapikia miguu ya vitanda. Kwenu munapikia nini? Semeni, nitasoma.

Papa Bahati, asubuhi yake, aliosha sufuria yake kubwa, akaibeba ku bega, akashika njia ya Walikale. Nikamwita. Hakugeuka.

Mpaka leo hajarudi.