Uongo Nilioutafsiri kwa Kikamba

Nimekuwa karani wa mahakama huku Makueni kwa miaka kumi na minane, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutafsiri. Hakimu anasema kwa Kiingereza, mimi nasema kwa Kikamba. Mtu wa shambani anajibu kwa Kikamba, nami namrudishia hakimu kwa Kiingereza. Nimetafsiri kesi za mipaka, matusi ya walevi, na mambo waliyotendewa wasichana wadogo ambayo nilitamani nisiyasikie. Kanuni ni moja: usiongeze, usipunguze. Nilijivunia kwamba sijawahi kuivunja. Hata siku ile sikuivunja.

Mshtakiwa alikuwa mwanaume wa miaka thelathini hivi, Mkamba wa Kathonzweni. Kazi yake ilikuwa kununua mbuzi masokoni kwetu na kuwapeleka Garissa. Huko akaoa katika familia ya wauza mifugo, akasilimu, akabadilisha jina. Alikamatwa mjini Sultan Hamud akipakia mbuzi kwenye lori, akashtakiwa kuwa mwanachama wa kundi la kigaidi na kwamba lori lake lilibeba watu pamoja na mbuzi.

Sikumpenda. Naanza na hilo ili mtu asidhani namlilia rafiki. Alikuwa na macho ya kudharau, na siku moja shahidi alipokuwa akieleza jinsi bomu lilivyolipua gari la polisi, yeye alicheka kizimbani. Labda ilikuwa woga, labda ilikuwa furaha. Nilimwangalia nikajiambia moyoni, huyu anajua kitu.

Lakini kesi iliendelea zaidi ya mwaka na kile kitu hakikuonekana. Simu iliyoletwa kama ushahidi ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Shahidi mkuu aliahidiwa kila mara na hakufika hata mara moja.

Mama yake alifika kila mara. Alikuwa mjane, mshirika wa kanisa la kilokole, na alivaa kitambaa cha buluu cha akina mama wa kanisa kana kwamba kilikuwa barua ya kumtetea mwanawe. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Aliketi benchi la mbele, karibu na meza yangu, na kesi ilipoahirishwa nilimnong'onezea kilichosemwa. Haikuwa lazima. Nilikuwa namwonea huruma, na pia nilipenda jinsi alivyoniamini.

Siku ya uamuzi hakimu alisema mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Nilimwinamia yule mama.

"Mwaitu," nilimwambia, kama tunavyomwita mama kwetu, "ameachiliwa. Anaenda nyumbani."

Akaniuliza tena. Nikarudia. Akaniuliza mara ya tatu, kisha akajifunika uso kwa kitambaa chake.

Ilikuwa karibu saa sita mchana. Nilitoka naye na mwanawe hadi langoni kwa sababu mama alikuwa amenishika mkono na hakutaka kuuachia. Tulipovuka lango tu, gari la kijivu lisilo na namba likasimama mbele yetu. Wakashuka wanaume wanne waliovaa kiraia. Wawili wakamshika mwanawe mikono, wa tatu akafungua mlango. Mama akaniachia mimi, akamkamata mwanawe shati mgongoni kwa mikono miwili.

Watu walikuwepo. Kulikuwa na mawakili, wenye pikipiki, mwanamke anayeuza ndizi. Hakuna aliyesogea. Yule mwanaume alipiga kelele, "Nimeachiliwa! Hakimu amesema! Karani, waambie!"

Nikawaambia. Nilimwambia wa nne, aliyekuwa amesimama pembeni kama mkubwa wao, "Huyu ameachiliwa sasa hivi. Mna waranti?"

Yule mkubwa alikuwa akitazama ile mikono ya mama kwenye shati. Nadhani hakutaka kumpiga mwanamke mzee mbele ya watu.

"Wanasema nini?" mama aliniuliza kwa Kikamba. "Waulize wanamtakia nini."

Nikamuuliza. Yule mkubwa akanigeukia, akasema kwa upole kabisa, "Mwambie mama tunaenda kumuuliza maswali kidogo tu. Jioni atakuwa nyumbani."

Nilijua ni uongo. Mtu wa maswali kidogo haji na gari lisilo na namba. Nilijua pia kwamba nikinyamaza, mama angeendelea kulishika lile shati, na watu wangeanza kukusanyika, na labda hakimu angesikia. Lakini mdomo wangu ulikuwa umezoea kazi yake kwa miaka mingi. Nikamtafsiria neno kwa neno, kwa sauti ile ile ya upole. Mama akanitazama usoni. Mimi ndiye niliyemwambia kweli mwaka mzima. Akaliachia shati.

Mwanawe alipatikana siku ya tisa, ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui. Wachoma makaa walimkuta kichakani, mikono imefungwa nyuma kwa kamba, risasi kisogoni. Sisi kazini tuliambiana habari hiyo kwa sauti ya chini. Mwenzangu mmoja alisema, "Pengine walijua wasichoweza kutuonyesha." Akaendelea kupiga mihuri.

Jumapili iliyofuata nilikwenda nyumbani kwetu Kitui, karibu na Mutomo. Kaka yangu alikuwa likizo. Ni polisi, na kwa miaka kadhaa amekuwa katika kituo cha kaskazini mashariki. Mama yetu alikuwa amepika muthokoi wa mahindi na maharagwe na kuchinja kuku kwa ajili yake. Nilikuwa nimeapa sitalitaja jambo lile, lakini kaka ndiye aliyeanza.

"Nasikia yule gaidi wenu amepatikana," alisema huku akijipakulia.

"Hakuwa gaidi. Alikuwa ameachiliwa."

"Ndiyo hiyo shida. Nyinyi mnaachilia, sisi tunazika. Unajua nilimwokota mwenzangu kwa vipande? Tulikuwa tumekula naye asubuhi hiyo. Nilijua mguu wake kwa soksi. Mahakama yenu ilimfanyia nini?"

Nilisukuma sahani yangu kando.

"Kama mna hakika, leteni ushahidi," nilisema. "Mwaka mzima tuliwangoja."

"Ushahidi gani? Shahidi akitaja jina leo, kesho anachinjwa. Unataka nani aje asimame mbele yako?"

"Kwa hivyo mtu yeyote mnayemshuku mnampeleka kichakani? Na mkikosea?"

"Hatukosei sana."

"Sana!" Nilipiga meza. "Mama yake alikuwa amemshika shati. Mimi ndiye niliyemwambia aachie. Unasikia? Mimi!"

"Basi ulifanya kazi nzuri," kaka alisema.

Nilimchukia wakati ule kwa namna ambayo sikujua ninaweza kumchukia mtu niliyenyonya naye titi moja. Nikamuuliza kile ambacho sikuwahi kumuuliza: "Wewe umewahi kufanya hivyo?"

Akatafuna. Akachukua paja la kuku, akalivunja, akaendelea kutafuna.

"Nimekuuliza."

Mama yetu aliweka kikombe chini. "Usimhoji mtoto wangu ndani ya nyumba yangu," alisema. "Anarudi kule wiki ijayo na sijui kama nitamwona tena. Kama hicho chakula kimekushinda, nenda."

Nikaenda. Hakuna aliyenisindikiza.

Baada ya siku chache nilifika Kathonzweni. Nilimkuta mama wa marehemu akipepeta kunde uani. Mkwewe kutoka Garissa alikuwa amekuja na watoto, ameketi kwenye mkeka amejifunika kichwa, na majirani waliokuja na pole walikuwa wanamzunguka kwa mbali kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza.

Nilimwambia mama kila kitu. Nilimwambia nilijua ni uongo, na niliutafsiri.

Alipeperusha makapi, akaweka ungo chini. Kisha akasema, "Nilikuwa na nguvu ya kumshika. Nimelima kwa mikono hii miaka hamsini. Wangenivunja vidole kwanza." Akanitazama. "Umekuja nikuambie nimekusamehe?"

"Sijui, mwaitu."

"Usiniite hivyo. Toka kwangu."

Ningependa kusema nilielewa. Nilikasirika. Nilitembea hadi barabarani nikijitetea kwa sauti, kwamba si mimi niliyefyatua risasi, kwamba wenye pikipiki na mawakili hawakusema hata neno moja. Hasira hiyo ilinichukua karibu mwezi mzima. Ilipoisha, niliandika taarifa ya shahidi, kurasa nne, nikaeleza sura ya yule mkubwa wao, kovu lililokuwa chini ya sikio lake, na maneno yake. Nikatia sahihi, nikaipeleka kwa wanaochunguza makosa ya polisi.

Mkubwa wangu kazini aliniita akaniuliza kama nimechoka na mshahara. Baada ya hapo nilihamishiwa chumba cha majalada. Kaka alinipigia simu mara moja. "Futa hiyo taarifa," alisema. "Watu wataanza kuniuliza dada yangu yuko upande gani."

"Waambie."

Akakata. Tangu hapo hatujazungumza, na Krismasi tunapokezana kwenda kwa mama ili tusikutane.

Uchunguzi wa kifo ulifunguliwa mwaka huu, na nimetoa ushahidi. Nilisimama upande wa mashahidi, mahali ambapo nimewaongoza watu mamia, nikajibu kwa Kiingereza moja kwa moja. Wakili wa serikali aliniuliza, "Wewe binafsi unajua marehemu hakuwa gaidi?"

"Sijui," nilijibu. "Na sasa hata wewe huwezi kujua. Waliotaka tusijue ndio waliomuua."

Hakimu aliniambia nijibu nilichoulizwa tu. Mama wa marehemu alikuwa benchi la nyuma na mkwewe. Karani mwingine ndiye aliyemtafsiria maneno yangu. Nilimwona akisikiliza, ameukunja uso, kisha akamnong'oneza karani jambo. Sikujua ni nini, na karani nilipomuuliza baadaye alikataa kuniambia. Kesi imeahirishwa mara mbili. Yule mwenye kovu hajaletwa.