Mwenye Mji Aonje Kwanza

Wananchi wa Kemambo, pamoja na ng'ombe, mbuzi na bodaboda zao, wanatangaziwa kwa heshima zote kwamba kata yao imejaliwa nahodha wa baharini. Bahari yenyewe haijafika. Kutoka hapa mpaka ilipo ni safari ya basi ya kumfanya mtu asahau jina la babu yake. Lakini nahodha yupo, ana mke na watoto, na kila msimu wa kamba ukifungwa anarudi kulima mihogo.

Anaitwa Obura. Anaongoza meli ya kuvuta nyavu huko Pwani, akitafuta kamba, wale wadudu wa maji wenye ndevu ndefu ambao wapishi wa hoteli huwagombea. Hivyo ndivyo anavyosema yeye. Kemambo haikukubali.

Boke, mwenye duka la jirani, aliwahi kumpa nahodha mkono, akautangaza kuwa laini. "Huo ni mkono wa mvuvi? Hata mimi ninayeuza sabuni nina sugu!" Wengine walisema hakuna cha bahari, jamaa anashinda kwenye mashimo ya dhahabu Nyamongo, halafu siku ya kurudi anapitia stendi kujipaka chumvi. Wengine, wacha Mungu zaidi, walisema bahari ipo, ila anachovua huko ni majini, na ndiyo maana bati lake ni la rangi.

Everlyne, mkewe, alikuwa na shaka za kwake. Katika ndoa yao yote mumewe hakuwahi kuleta hata kamba mmoja, na akiulizwa wana ladha gani, anaongeza sauti ya redio. Halafu kulikuwa na vile vidonge ndani ya begi lake, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Everlyne aliviona, akavirudisha, na tangu hapo akaanza kumtazama mumewe kama askari wa kizuizi cha barabarani anavyotazama lori. Nani anampikia huko? Na anatibiwa nini?

Yote haya yangebaki umbea kama Vivian, binti yao, asingechumbiwa na Waitara wa Morotonga. Baba yake Waitara ni Mzee Mogesi, mtu ambaye hata ukimwamkia shikamoo huuliza kwanza unataka nini.

"Ng'ombe wangu hawaendi kwa mtu ambaye kazi yake haijulikani," alitamka. "Huyo mura alete hicho anachovua, tukione na tukile. La sivyo, akae na binti yake."

Vivian alimpigia baba yake simu. "Baba, walete tu. Nakuomba."

"Sawa," alijibu nahodha.

Basi akashuka Tarime na boksi jeupe, akalinunulia barafu, akalipakia bodaboda na kukaa nalo kwa mikono iliyonyooshwa, mbali na kifua, kama mtu aliyebeba mtoto wa adui. Boke aliona yote. "Kinachokula barafu ni nini kama si jini?" aliuliza wateja wake.

Siku ya ugeni boksi likafunguliwa mbele ya wote. Mzee Mogesi akainama, akainuka haraka.

"Hawa ni nzige."

"Ni kamba, mzee."

"Mbona wananiangalia?"

Everlyne aliwakaanga kwa vitunguu na nyanya. Harufu ikajaa nyumba, nahodha akatoka nje na kusimama upande unakotoka upepo. Boke, aliyekuja kusaidia kuosha vyombo ambavyo bado havijachafuka, aliliona na hilo.

Sahani ikawekwa mezani. Mzee Mogesi akakunja mikono. "Mwenye mji aonje kwanza."

Hilo halina mjadala huku kwetu. Iwe pombe, iwe uji, mwenye nyumba anaonja, mgeni anafuata.

"Mimi nimeshiba," alisema Obura.

"Si nilisema!" Boke alidakia kutoka jikoni.

Mzee Mogesi akashika fimbo yake. "Waitara, inuka twende. Huyu anajua alichotia humo."

Waitara akainuka nusu, akamtazama Vivian, akabaki hivyo hivyo, hajakaa wala hajasimama.

"Baba?" Vivian alisema.

Obura akamtazama binti yake. Akavuta kiti, akachukua kamba mmoja, akatafuna kama mtu anayekula chaki, akameza.

"Mmeona sasa?" Waitara alianza kwa furaha. Hakumaliza. Mdomo wa chini wa nahodha ulikuwa unaumuka kama andazi kwenye mafuta. Ukafuata wa juu, kisha macho.

"Begi," alinong'ona nahodha. "Vido..."

Everlyne alikuwa ameshakimbia, na kwa kuwa hakuuliza begi gani wala mfuko upi, kila mtu alijua alishapekua. Akarudi na kile kipande cha gazeti.

"Obura. Hivi vidonge ni vya uvimbe huu?"

Akatikisa kichwa kukubali, akameza viwili.

"Miaka yote hii, ni vya uvimbe tu?"

Akatikisa tena. Everlyne akacheka, akafuta machozi, kisha akampiga bega kwa mwiko.

"Jini limekataa chakula!" Boke alipiga kelele.

"Nyamaza, mama," alisema Mzee Mogesi. Alikuwa ameshainama anaukagua ule mdomo kwa makini, kama anayekagua kiwele cha ng'ombe wa mnadani. "Mwenye jini angelionjesha jini lake kwanza. Huyu amevimba mwenyewe, kwa ajili ya binti yake. Ng'ombe watakuja." Akaiegemeza fimbo ukutani, akaomba maharage.

Alipokwisha kula, na uso wa mwenyeji ukiwa umeanza kurudi, akauliza habari ya mikono laini.

"Sishiki kamba. Nashika usukani."

"Sasa mkwe, niambie ukweli." Mzee alishusha sauti, na wote wakasogeza viti. "Mwili wako unawakataa hawa wadudu. Nini kilikuita baharini? Ndoto? Mizimu ya ukoo wenu?"

Nahodha akapangusa mdomo polepole.

"Niliomba kuendesha lori. Nafasi zilikuwa zimejaa."